Mto Hauna Benki

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi moja ya serikali ya mtaa, huku mabondeni Dar es Salaam, nikasoma mstari ambao mpaka leo umenikaa kooni: "Ni marufuku kujenga ndani ya mita 60 kutoka benki ya mto." Karatasi safi, ina muhuri, imepigwa misumari pembe zote nne.

Kando yangu alikuwepo bibi mmoja na mkoba wake wa ukindu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mjukuu wangu, hiyo benki wanaijenga lini? Maana naona ndiyo inayotaka viwanja vyetu."

Hakuwa anatania. Ni mtu aliyeyaona mafuriko ya Desemba 2011, aliyeshuhudia majirani zake wakihamishiwa Mabwepande. Tangazo lile liliandikwa kwa ajili yake kuliko mtu mwingine yeyote pale mtaani. Lilikuja kumwambia kwamba maji yanaweza kumuua, yeye akaondoka akiamini kuna tajiri anaitaka ardhi yake.

Ninajua ilivyokuwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazungumzia hizo mita 60, na mtu aliyekuwa na maandishi ya Kiingereza mezani aliona neno "bank", akaandika benki. Pengine hata hakuwa mtu, ilikuwa programu ya kutafsiri. Haya, nakubali kwamba wafasiri wetu wanalipwa kidogo na kazi ya wiki nzima inatakiwa kesho asubuhi. Lakini kabla ya kupiga msumari wa kwanza, hakukuwa na mtu mmoja pale wa kuisoma ile karatasi kwa sauti?

Waingereza wenyewe wana "bank" mbili. Ya kwanza waliipata kwa watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kuhamia kwao: ni mwinuko wa udongo, tuta, na hatimaye ukingo wa mto. Ya pili ilitokea Italia. Wabadilisha fedha wa huko walipanga sarafu zao juu ya "banca", yaani benchi au meza ya mbao, na neno likapita Ufaransa mpaka likafika Uingereza karne ya 15 inaelekea ukingoni. Waitalia nao walikuwa wamelichukua kwa makabila ya Kijerumani. Ukichimba mpaka shinani utakuta yote mawili ni ya ukoo mmoja, ila yaliachana zamani mno, na kila moja likaenda kuishi maisha yake. Benchi letu la darasani nalo ni la ukoo huo huo. Tunasema benki, tunasema benchi, kutwa nzima, na wala hatujui kwamba ni ndugu.

Tena jambo hili halipaswi kutushangaza sisi watu wa pwani. Baraza ni nini? Ni kile kiti cha mawe mbele ya nyumba, Unguja na Lamu, watu wanapokaa jioni na kahawa yao. Kutoka kwenye kiti hicho tumepata Baraza la Mawaziri, na Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe. Waitalia walikalia ubao ukazaa fedha, sisi tulikalia jiwe likazaa serikali. Na hakuna mfasiri mwenye akili timamu atakayeandika kwamba mawaziri wamekutana kwenye kiti cha mawe. Kwa nini basi mto tuupe benki?

Sina ugomvi na neno benki. Ni letu sasa, na benki ya damu inaeleweka mpaka kijijini. Kinachoniuma ni kwamba neno lililotupwa, ukingo, lilikuwa zuri kuliko hata lile la Kiingereza. Lisikilize. Ndani yake kuna kukinga. Tunakinga maji ya mvua kwa ndoo, tunakinga uso kwa kiganja, tunamkinga mtoto na baridi. Ukingo ni kile kinachouzuia mto usikufikie. Bibi yule angesoma "mita 60 kutoka ukingo wa mto", neno lenyewe lingemweleza kwa nini asijenge pale: hicho ndicho kinga chako, usikikate, usikilime, usikichimbe mchanga. Onyo zima limo ndani ya silabi tatu, likabadilishwa na neno la dirishani kwa karani wa fedha.

Na si ukingo peke yake. Tuna gema, ile kingo iliyosimama wima. Tuna ng'ambo, upande wa pili wa maji. Wavuvi na wavusha watu mitumbwini wanayatumia kila siku, lakini hakuna aliyewauliza.

Nilimweleza bibi kwamba hakuna benki inayojengwa, kwamba tangazo linasema ukingo. Alikaa kimya, akalitazama tena, kisha akasema, "Kumbe ukingo! Mbona hawakusema?" Akanishika mkono, tukashuka pamoja mpaka nyuma ya nyumba yake. Choo kilikuwa kimeinama, nusu ya msingi wake ikining'inia hewani, na chini yake udongo mbichi mwekundu ulikuwa umemeguka siku si nyingi. Akanyoosha kidole kuelekea katikati ya maji, mahali ambapo kisiki cha mwembe kilikuwa kimechomoza.

"Nilipohamia hapa," akasema, "ukingo ulikuwa pale."