Nafasi tupu kwenye diski ya kache ina kazi

Fundi akipewa diski ya terabaiti 1 kwa ajili ya seva ya Squid, programu inayoweka nakala za vitu vya mtandaoni (kache) ili visifuatwe tena nje, mara nyingi huandika karibu ukubwa wote kwenye mstari wa cache_dir, unaopanga ukubwa wa kache. Hoja yake inaeleweka: diski imelipiwa, na kinachokosekana kwenye kache kitafuatwa tena nje kwa laini ya gharama. Ila faida ya kupanua kache hupungua kadiri inavyokua. Vinavyoombwa kila siku huwa vimeshaingia. Sehemu ya mwisho ya diski hujaa vitu ambavyo pengine hakuna atakayeviomba tena.

Gharama yake ndiyo haionekani. Kache hufuta na kuandika usiku na mchana. Panapo nafasi, ext4, mfumo wa faili wa Linux, hutafuta eneo refu lililo wazi na kuiweka faili nzima pamoja. Diski ikijaa, hubaki mianya ya faili zilizofutwa, na faili mpya hukatwakatwa ili ienee humo.

Tupige hesabu. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, hivyo kichwa kinachosoma data husubiri wastani wa 4.2. Ongeza kama 8 za kusogea: safari moja ni 12, yaani safari 80 hivi kwa sekunde. Faili ya kipande kimoja hula safari moja. Ikitawanyika vipande 4, hula 4, na diski ileile sasa inahudumia maombi 20. Hakuna kilichoharibika wala onyo lililotolewa. Watumiaji wanalalamika tu kwamba mtandao ni mzito, na laini ndiyo inayolaumiwa.

Wengine huona kwamba alama za Squid za asilimia 90 na 95, za kuifanya ifute vitu vya zamani, zinawakinga. Asilimia hizo ni za ukubwa ulioandika wewe, si za diski. Kuendesha e4defrag (programu ya kuunganisha vipande vya faili za ext4) nako, kwenye seva yenye shughuli, ni kufagia uwanja upepo ukivuma: kunagombania diski hiyohiyo, na faili iliyonyooshwa leo huenda ikafutwa kesho.

Kwenye SSD, diski isiyozunguka, hakuna kichwa cha kusubiriwa, kwa hiyo hoja ya kujaza ina nguvu zaidi, ingawa nayo huandika polepole ikikosa nafasi.

Kwa diski ya kuzunguka, ningeipa kache asilimia 75 hadi 80 ya kizigeu chake chenyewe, yaani sehemu ya diski iliyotengewa kache peke yake. Kama imeshajaa, kupunguza namba hakuziunganishi faili zilizokwisha kukatika. Simamisha Squid, fomati kizigeu, uanze upya usiku wakati watumiaji ni wachache. Kilichomo ni nakala tu, na asubuhi zitaanza kurudi zenyewe.