Sofa ya dola 4,000: mi namtetea Carolyn

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu American Beauty huwa inaishia palepale, Lester ni mwanaume aliyeamka usingizini na Carolyn ni mke aliyekuwa anamlaza. Nimeirudia juzi tena na naona huyu mama tunamuonea.

Kwa aliyesahau, ni muvi ya 1999, dairekta Sam Mendes, skripti ya Alan Ball, ilibeba Oscar 5 ikiwemo ya muvi bora na ya Kevin Spacey aliyecheza Lester Burnham. Mtaa wa Kimarekani wa nje ya jiji, mlango mwekundu, mawaridi mbele ya nyumba, mezani kuna mishumaa na muziki laini ila hakuna anayeongea na mwenzie. Lester ana miaka 42 na anatuambia mwanzoni kabisa kwamba kabla mwaka haujaisha atakuwa marehemu, yaani hii steringi anakufa na unajua kabla hujakaa vizuri.

Sasa Lester ana hoja, sikatai. Miaka 14 ndani ya kazi ya matangazo afu anakuja kijana wa juzi anamwambia aandike kwenye karatasi kazi yake ni nini ili waone kama anastahili kubaki. Bintiye hamtaki, mkewe hamtazami. Mtu wa hivyo akilipuka unamuelewa, na muvi inahakikisha unacheka naye, hasa pale anapombana bosi mpaka anaondoka na mshahara wa mwaka mzima, karibu dola 60,000. Nilicheka na mimi. Na Carolyn kweli anachosha, mkasi wake wa maua umefanana na viatu vyake vya bustanini na hiyo sio bahati mbaya, Lester ndo anatuambia.

Ngoja, tusimame hapo. LESTER ndo anatuambia. Hii muvi ni marehemu anasimulia ndoa yake, na mwenzie hajapewa maiki hata mara moja. Carolyn unamuona vizuri pale tu mumewe hayupo.

Kama ile siku ya kuuza nyumba ya mteja, maana Carolyn ni dalali wa nyumba. Anafika asubuhi, anavua nguo za kazi anabaki na shimizi, anasugua kila kitu huku anajiambia leo hii nyumba nitaiuza, nitaiuza leo. Wateja wanapita, wengine wanaliponda bwawa la kuogelea, hakuna anayenunua. Jioni anafunga mapazia, analia, afu anajizaba makofi mwenyewe, anajikemea anyamaze, anafuta machozi anatoka zake kama hakuna kilichotokea. Watu wanasema hii muvi inahusu huzuni iliyofichwa nyuma ya nyumba nzuri, haya, hiyo hapo, na ipo kabla Lester hajaanza hata kunyanyua vyuma gereji. Lester baada ya muda anaacha kabisa kuficha, anavuta bangi, anarusha sahani ukutani. Anayeendelea kuficha ni mkewe.

Halafu sofa. Hii sini kila mtu anaitoa kama ushahidi. Lester anamsogelea mkewe, anamkumbusha enzi zao alivyokuwa mtundu, wako karibu kabisa kubusiana, Carolyn anaona bia inataka kumwagika kwenye sofa na anasema. Imeisha hapo. Jamaa anafoka kwamba ni sofa tu, mama anajibu ni ya dola 4,000, hariri ya Italia, na Lester anatoa mahubiri kwamba hivyo ni vitu tu, sio maisha. Tunampigia makofi! Ila irudishe nyuma kidogo tu, ni sini ileile, Carolyn ndo kwanza anaingia ndani, ametoka kuona nje kuna Pontiac Firebird nyekundu ya 1970 na ile Camry haipo. Lester kaibadilisha bila kumuuliza kwasababu Firebird ndo gari alilolitamani siku zote. Sasa huyo ndo anahubiri kuhusu vitu?

Piga hesabu. Kama 60,000 ni mshahara wa mwaka basi 4,000 ni wiki tatu na nusu hivi. Hela nyingi, sawa. Lakini inakuwaje sofa inamfanya yeye mtumwa wa vitu na Firebird, ambayo hakuna anayeuliza hata bei, inamfanya Lester mtu huru? Na huyu mtu huru ameenda kuuza baga dirishani maana anataka kazi yenye majukumu madogo kuliko zote, sasa ile 60,000 ikikata nyumba italipiwa na nani? Na yule wa kwenye mapazia.

Najua mtaniambia alichepuka na Buddy, dalali mwenzie wa nyumba, na alimpiga bintiye Jane kofi. Kofi silitetei. Ila sikiliza anachosema pale, kwamba umri wa Jane yeye hata nyumba yao wenyewe hawakuwa nayo, ndo ujue ile sofa inatoka wapi. Na tukihesabu dhambi basi tumhesabie na Lester anayemmezea mate rafiki wa bintiye, mtoto wa shule, ambaye tunamsamehe kwasababu mwishoni alijizuia.

Inawezekana Mendes na Ball walilijua hili muda wote. Kwenye meza ya Lester ofisini kuna kikadi kinachosema utazame kwa karibu, na Annette Bening alivyomcheza Carolyn huwezi kusema hakumpenda (Oscar aliikosa, ikaenda kwa Hilary Swank mwaka ule, haya). Ila nusu ya muvi inamtazama kwa karibu na nusu inamcheka.

Mwishoni Carolyn anarudi na mvua, bastola kwenye pochi, hasira zote, anakuta mwingine keshamuua mumewe. Pochi anaitupa kwenye tenga la nguo chafu, afu anaingia kabatini anazikumbatia nguo za Lester mpaka anaanguka nazo. Yuko peke yake tena, analia tena, ila safari hii hajizabi makofi.