Nilitumwa Tui, Nikarudi na Barafu

Mimi sina ugomvi na barafu. Barafu ikielea ndani ya gilasi ya maji ya ukwaju, saa nane za mchana, Mombasa, ni neema ya Mungu. Ugomvi wangu ni na watu walioamka siku moja wakaamua kuijengea nyumba. Hapa Toronto barafu iko barabarani, iko ngazini, iko kwenye ndevu zangu nikirudi kazini. Na bado kuna watu wanavaa makoti, wanalipa kiingilio, wanaingia ndani ya jumba kwenda kutazama barafu nyingine. Ni kama mtu wa Lamu akate tikiti aende kuona mchanga.

Haya, Jumamosi hiyo Mama Latifa alinituma vitu vitatu: tui la kopo, vitunguu na bizari. Akaniambia, "Baba Latifa, vitu vitatu tu. Usinirudie na hadithi." Mke wangu ananijua.

Duka lenyewe liko pembe ya barabara za Carlton na Church, ndani ya jengo kubwa la matofali ya manjano lenye kuba juu. Miaka minne nimekuwa nikinunua viazi mle, na sikuwahi kujiuliza kwa nini muuza viazi anahitaji kuba. Ukutani kumebandikwa viti vya buluu vimeungwa vikawa umbo la jani. Nikadhani ni mapambo tu. Watu wa huku hawaishi kubandika vitu ukutani.

Nikaingia, nikachukua vitunguu, simu ikalia. Nikaegesha toroli nipokee. Alikuwa shemeji yangu wa Likoni, anataka kujua kama Kanada kuna baridi. Kila wiki anauliza. Nikiwa namjibu, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu, si kikohozi cha kifua, kile cha kukutaka usogee. Nikageuka, nikaona mzee wa Kizungu, ana kofia ya buluu na kikapu chenye ndizi mbili.

"Unajua umesimama wapi?"

Ukiwa mgeni nchi ya watu, swali hilo halijibiwi haraka. Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kitambulisho. Mzee akanionyesha sakafuni. Chini ya toroli langu kulikuwa na doa jekundu, la mviringo.

"Hapo ndipo katikati ya uwanja," akasema, na sauti ikamkatika kama amesimama makaburini.

Nikatazama kulia, rafu. Kushoto, rafu. Uwanja gani, mzee wangu? Basi lile swali ndilo lililonipotezea mchana.

Kumbe pale ni Maple Leaf Gardens, nyumba ya timu ya hoki ya barafu ya Toronto kuanzia 1931 hadi 1999. Bustani za Jani la Mpopla? La Mkuyu? Sijui mti gani, lakini bustani hamna. Aliyelijenga ni bwana mmoja aitwaye Conn Smythe, na alilijenga wakati dunia nzima imefilisika, watu wanapanga foleni ya supu. Ujenzi ulianza mwezi wa Juni 1931. Novemba 12, mwaka uleule, mechi ya kwanza ikachezwa. Miezi mitano na kitu!

Hapo nilitaka kulia mimi, si yeye. Mimi kule Kisauni nilianza nyumba ya vyumba vitatu Latifa alipozaliwa. Latifa sasa yuko chuo kikuu. Nyumba iko kwenye lenta. Fundi kila mwezi ananiambia saruji imepanda, halafu mchanga umepanda, halafu mama mkwe wake kapanda gari kuja kuwatembelea, basi kazi imesimama.

Na pesa zilipokaribia kumwishia Smythe, unajua alifanya nini? Msaidizi wake, Frank Selke, alikwenda kuzungumza na vyama vya wafanyakazi, wakakubali sehemu moja kwa tano ya mshahara walipwe kwa hisa za jengo. Hebu wewe nenda kamwambie fundi wangu, "Leo chukua hisa za sebule." Utarudi na mwiko kichwani.

Basi jengo likafunguliwa kwa mbwembwe, na wenyeji wakafungwa 2 kwa 1 na Chicago. Miaka 67 baadaye, Februari 13, 1999, wakacheza mechi ya mwisho pale. Na nani? Chicago. Wakafungwa 6 kwa 2. Walifungua kwa kufungwa, wakafunga kwa kufungwa. Mzee alinitajia matokeo yote mawili bila kupepesa macho.

Nikamuuliza kwa heshima kama katikati hapo waliwahi kushinda chochote. Nilikosea. Nilipata miaka yote 11 waliyotwaa Kombe la Stanley, ndilo kombe kuu la hoki huku, wakiwa katika jumba lile, akiihesabu kwa ndizi. Ya mwisho ni Mei 2, 1967, walipowafunga Montreal 3 kwa 1, ndani mle mle. Tangu hapo? Akanyamaza, akarudisha ndizi kikapuni. Tangu hapo hawajaliona tena. Na mimi niliyekuwa nikidhani sisi wapenzi wa kandanda Kenya ndio tuliojaliwa subira!

Akanieleza na habari za redio. Kulikuwa na kijumba kimening'inizwa juu darini, na ndani yake mtangazaji, Foster Hewitt, akiwatangazia watu wa nchi nzima wasioweza kufika. Hapo nilimwelewa. Sisi pia tumekua tukiangalia mpira kwa masikio, redio moja mtaa mzima, betri ikichoka inaanikwa juani. Kijumba chenyewe kingekuwa sasa makumbusho, lakini 1979 mwenye jumba, Harold Ballard, akaamuru king'olewe, kikatiwa moto. Huyo Ballard ni kituko chake pekee. Picha ya Malkia Elizabeth aliiondoa apate pa kuweka viti zaidi. Mwaka 1972 alihukumiwa kifungo kwa wizi na udanganyifu, akatoka, akarudi kuliendesha jumba. Tena alikuwa na makazi mlemle ndani. Inasimuliwa kwamba wanamuziki wa Beatles walipokuja 1965 alifunga mabomba ya maji ya kunywa na kuongeza joto ukumbini, ili watoto wa watu wanunue soda. Nikamwambia mzee, huyo kwetu angegombea udiwani, na angepita.

Wakati huo vitunguu vyangu vimeanza kuota. Nikasema, mzee, asante, mke wangu ananisubiri. Akanishika mkono. "Na Ali je?"

Ali gani?

Muhammad Ali, jamaa! Machi 29, 1966, alipigana katika jumba lile. Mji wa Chicago ulikuwa umemkataa kwa maneno aliyosema juu ya vita vya Vietnam, miji mingine nayo ikamfungia mlango, Toronto ikamfungulia. Conn Smythe, mjenzi mwenyewe, alikasirika mpaka akajiuzulu kwenye bodi. Mpinzani alikuwa kijana wa mjini, George Chuvalo. Raundi 15, na Ali akashinda kwa pointi, lakini Chuvalo hakwenda chini hata mara moja. Baadaye Chuvalo alikuwa akijigamba kwa utani kwamba mshindi ni yeye, kwa sababu usiku ule yeye alikwenda kucheza dansi na mkewe, Ali akaenda hospitali.

Hapo, sitawadanganya, niliondoa toroli juu ya doa. Nikalisogeza taratibu, kama nimemkanyaga mtu.

"Basi barafu yenyewe mliipeleka wapi?" nikauliza.

Akaelekeza kidole juu. Barafu haikuhama, imepanda ghorofa. Duka lilifunguliwa 2011, mwaka uliofuata chuo kikuu kikafungua uwanja wake wa hoki ghorofani, chini ya kuba lilelile la zamani. Yaani mimi nachagua nyanya, na juu ya kichwa changu watoto wamevaa viatu vya visu wanafukuzana na kisahani cha mpira. Nyanya zangu ziko chini ya friji lililolala chali.

Nikamwambia mzee kwamba hata Kenya tuna barafu. Akacheka. Nikamwapia: Nairobi, ndani ya hoteli, tangu 2005, na timu ya hoki ipo, Ice Lions, mwaka 2018 wakaletwa huku Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa hoki wa huku. Kusikia Crosby, akaacha kucheka. Sikumwambia kwamba barafu hiyo iko Barabara ya Mombasa. Kuna aibu nyingine ni za nyumbani. Mimi nimekimbia jua nimekuja kwenye barafu, wao wameifuata barafu wakaiweka kwenye njia ya kwetu.

Nilifika nyumbani na vitunguu.

"Tui?"

"Mama Latifa, unamjua Muhammad Ali?"

"Baba Latifa, nilikwambia nini?"

"Alipigana pale dukani."

Kimya. Akazima jiko. "Penye vitunguu?"

"Palepale."

Akavaa koti juu ya dera, akafunga mtandio, tukatoka kwenye baridi ya kukata masikio. Dukani alikwenda moja kwa moja, akasimama juu ya doa jekundu, akanipa simu nimpige picha. Ya kwanza akasema nimemkata miguu. Ya pili, nimemfanya mfupi. Ya nne tukasikia kikohozi nyuma yetu. Kofia ya buluu, ndizi zilezile mbili. Mzee hajaenda kwao!

"Mnajua mmesimama wapi?" akaanza.

Mama Latifa hakumpa nafasi. Alimweleza Ali kuanzia mwanzo, Kiswahili kitupu, na raundi zote 15 kwa mikono, na mzee wa watu anaitikia kwa kichwa, kikapu amekishika kifuani asije akapigwa. Tulitoka saa mbili usiku. Bizari tulipata. Tui hatukununua.