Kawa la Fedha, Dagaa wa Kigoma

Najua mmeshaisikia habari ya sahani niliyowapelekea wageni mezani kazini. Yule jamaa wa Tanga ninayefanya naye kazi keshaimwaga kwenye kundi, na kwenye simulizi yake mgeni alizimia, mimi nikakimbilia bustanini. Hakuna aliyezimia. Na bustanini nilikwenda kwa kutembea.

Kazi yangu mnaijua: weita kwenye jumba moja la kitajiri huku mashambani Uingereza, lililogeuzwa hoteli. Jina silitaji, bado naudai mshahara wa mwezi huu. Pale kuhudumia hakutoshi, lazima uwasimulie wageni historia. Meneja alinikaririsha kama mtoto wa chuoni: baada ya vita vya pili wenye majumba walielemewa na kodi ya urithi, watumishi wakawa hawapatikani, mengine yakabomolewa, mengine yakawa hoteli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Francis Coulson akafungua hoteli ya Sharrow Bay kando ya ziwa Ullswater, wakati Waingereza bado wanapimiwa nyama kwa mgao; mgao wenyewe ulikuja kwisha 1954. Brian Sack akaungana naye 1952, na wawili hao wakawazoesha watu kufunga safari nzima kwa ajili ya kula na kulala tu. Kisha 1984 Raymond Blanc, Mfaransa aliyejifundisha kupika mwenyewe, akafungua hoteli ya Le Manoir kwenye kijiji cha Great Milton na kubeba nyota mbili za Michelin, zile wanazopewa wapishi bora. Ndiyo, Michelin hao hao wa matairi. Siku fundi wa gereji akija kuonja pilau lenu, msimfukuze.

Mimi hiyo sehemu ya historia naipenda mno. Na ndiyo iliyoniponza.

Sasa, kuna kitu kinaitwa kawa. Nyumbani kwetu Ujiji kawa ni la ukindu, la kukinga nzi. Pale kawa ni la fedha, linang'aa hadi unajiona pua. Meza ya watu wanne inapelekewa sahani nne na maweita wanne, kila mmoja nyuma ya mgeni wake, meneja anatikisa kichwa, mnafunua kwa pamoja. Mvuke unapanda, wageni wanasema "aaah". Ndiyo kazi yote hiyo.

Siku ile dada alikuwa amenitumia dagaa wa Kigoma kwa mtu aliyesafiri. Nikawakaanga kwa nyanya na pilipili, nikasonga ugali, nikaja nao kazini. Nimekula tonge mbili tatu, naitwa. Nikaogopa harufu (wazungu wa jikoni wana pua hao!), nikaifunika sahani yangu kwa kawa, nikaisogeza mwisho kabisa wa kaunta ya kutolea chakula. Mtaniuliza kwa nini kaunta ile. Na mimi najiuliza tangu Jumamosi.

Meza yenyewe ilikuwa ya mzee na mkewe, wametimiza miaka 50 ya ndoa, na watoto wao wawili. Nilishawapa mhadhara. Nilishafika 1984. Nikaitwa jikoni kuchukua bata, nikabeba kawa lililokuwa karibu na mkono wangu huku akilini naendelea kupanga maneno ya nyota mbili.

Tukajipanga. Mimi nyuma ya bibi. Jamaa wa Tanga nyuma ya mzee, ananitazama ana kwa ana. Nilipoinama tu, pua ikapata kaujumbe. Nikasema moyoni, hapana, hiyo ni shati yangu. Meneja akatikisa kichwa.

Tukafunua.

Makawa matatu yalitoa bata. La kwangu lilitoa Ziwa Tanganyika. Harufu haikupanda kama mvuke, ilitoka kama watu wanaoshuka kwenye boti. Ugali umekaa katikati ya sahani, umemegwa upande, na kwenye mmego ule shimo la kidole gumba changu linaonekana wazi kabisa, mtu angeweza kuchukua alama za polisi. Dagaa wametapakaa pembeni, wote macho wazi. Mmoja alikuwa amesimama wima kwenye ugali kama bendera. Bibi akawatazama. Wao wakamtazama bibi.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa jamaa wa Tanga hakuongeza hata chumvi. Nilirudisha kawa. Polepole, kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Nikavuta pumzi. Nikafunua tena.

Dagaa walikuwepo.

Sijui nilitegemea nini. Mzee akaweka uma chini, akaniangalia kwa upole mkubwa, akauliza, "Kijana, na hii ni ya mwaka gani?"

Nikajibu, "Ya leo mchana, bwana."

Mwanawe akacheka hadi akajifunika kitambaa usoni. Meneja hakucheka. Jamaa wa Tanga akaipokea sahani mikononi mwangu na kutoka nayo haraka, mimi nikaenda bustanini kutazama maua ambayo giza lilikuwa limeshayaficha. Bibi akaletewa bata wake, mvinyo ukawa wa bure, nimehamishiwa zamu ya chai ya asubuhi kwa wiki mbili, na historia nimekatazwa kuisimulia. Haya.

Ila moja sijalisema kwenye kundi. Niliporudi jikoni kuichukua sahani yangu nilikuta ugali, shimo langu la kidole, na pilipili. Dagaa hakuna, hata yule wa bendera. Huyo mtangazaji wenu mwenye maneno mengi, akija kwenye kikao Jumapili, mwambieni akunjue mkono wa shati lake jeupe muone mafuta.