Mtoto kaongezeka, mama yake je?

Jumamosi tulikwenda kumwona mzazi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kajifungua binti wa kwanza, mtoto ana wiki tisa sasa, na sisi upande wa Tabata ndio kwanza tunafika, kwa sababu ya hayo mambo mengi tunayojisingizia. Tukabeba vitenge, sabuni za mtoto, pempasi pakti mbili na mchele kilo tano. Tukambeba na shangazi.

Mlangoni tu nikaona. Nywele hazijaguswa siku nyingi, kanga imelegea, na mtoto amemshika kama mtu aliyeombwa kushika mzigo wa abiria mwenzake mara moja. Tukimtazama anatabasamu, tukigeuka tabasamu linakatika kama umeme luku ikiisha. Nikamuuliza, "Unalala lakini?" Akajibu, "Nalala, dada," na huku anajibu machozi yanashuka, wala hayapangusi, kama vile si yake.

Hapo ndipo shangazi, andazi mkononi, akaona afundishe. "Nyie wa siku hizi mnajua kudeka. Mimi nimezaa saba. Wa nne nilimzaa alfajiri, jioni nasonga ugali." Watu wakacheka. Wifi mtu akadakia kwamba mtoto analia usiku kucha, pengine maziwa ya mama hayana nguvu. Mama mkwe hakusema neno. Alimtazama mjukuu, akamtazama mwanawe, akaguna. Sisi tuliokulia uswahilini tunaujua mguno ule: wamembemenda mtoto, yaani wazazi wamelala pamoja mapema na mtoto kadhoofika.

Mtu hajalala wiki tisa. Ndani ya dakika kumi kasomewa mashtaka matatu, na anatakiwa aseme asante kwa pempasi.

Na mimi niliyejidai mjuaji wa mambo haya ya sonona, ile huzuni nzito inayompata mama baada ya kujifungua, nilinyamaza. Nikala andazi. Nimekaa na hasira hiyo tangu Jumamosi, na nusu yake ni yangu mwenyewe, maana yule binti namjua. Mwaka 2017 yule nilikuwa mimi.

Kijana wangu alipofika wiki ya sita nilimpeleka kliniki. Saa kumi na mbili asubuhi nishakaa kwenye benchi, mnajua wenyewe ukichelewa. Zamu yetu ikafika, nikamvalisha kile kikaptula cha kitambaa, nikamtundika kwenye mizani, akaning'inia pale kama embe anapiga kelele. Nesi akasoma, akaweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, mstari ukapanda vizuri kwenye kijani. "Kilo nne nukta tisa. Hongera mama, mtoto anaongezeka. Anayefuata!"

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekaa chooni, bomba nimelifungua ili wa nje wasikie maji tu, nawaza kwamba huyu mtoto angepangiwa mama mwingine angekuwa na bahati. Sikuwa nataka kufa. Nilitaka nisiwepo, kwa namna ambayo haitamsumbua mtu. Hilo halikuandikwa kwenye kadi, maana kadi haina mahali pa kuliandika.

Nikatoka na kadi yangu ya kijani, nikapanda bajaji, nikalia kutoka getini mpaka nyumbani. Dereva akapunguza redio, akanitazama kwenye kioo: "Dada pole, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuniuliza hali yangu tangu nijifungue alikuwa dereva wa bajaji, ambaye kazi yake ni kukwepa mashimo.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtoto akizaliwa anachomwa ya begani. Wiki ya 6 mnarudi, wiki ya 10 mnarudi, wiki ya 14 mnarudi, surua miezi tisa, tena miezi kumi na nane, na katikati hapo kila mwezi mizani. Nani mwingine katika nchi hii anaonana na mhudumu wa afya mara zote hizo bila kuumwa? Mwanamume unaweza kumtafuta miaka kumi hospitali isimwone. Mama mchanga anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, kabla jua halijachomoza, anakaa foleni kwa adabu, anasimama hatua moja kutoka kwa mtu mwenye kalamu. Na mtu mwenye kalamu anamtazama kama mlingoti uliomleta mtoto.

Wala hakihitajiki chumba cha vioo wala daktari kutoka ng'ambo. Tangu mwaka 1987 kuna karatasi ya maswali kumi, iliyotungwa na John Cox na wenzake kule Edinburgh, ikatafsiriwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwemo. Inaulizia siku saba zilizopita tu. Umeweza kucheka kwenye jambo la kuchekesha? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni, na siyo kwa sababu mtoto kaamka? La kumi linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Dakika tano. Asiyejua kusoma anasomewa. Mimi mwaka ule ningeulizwa hilo la kucheka tu, ningemwaga yote pale pale kwenye meza ya chanjo, barafu zingeyeyuka.

Haya, mtasema ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote kama wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua wanapata matatizo ya afya ya akili, zaidi sonona, na kwenye nchi za kipato kama chetu wanakaribia 20. Lile benchi nililokalia lilikuwa na akina mama kama ishirini. Toa wanne. Nimejaribu sana kukumbuka nyuso zao nijue watatu wenzangu walikuwa nani. Labda yule aliyekuwa anacheka sana.

Sisemi kila chozi ni ugonjwa. Siku chache baada ya kujifungua karibu kila mtu analialia, homoni zilizopanda miezi tisa zinaporomoka kwa mpigo mmoja, unalia kwa sababu mtori umepoa. Hiyo ndani ya wiki mbili inaisha. Ninayoisema mimi haiishi. Inakaa, inanenepa, mtoto analia na wewe unaisikia sauti yake kama inatoka nyumba ya jirani. Na kuna ile nyingine, inampata mmoja au wawili katika kila wanawake elfu waliojifungua: mama halali kabisa, anasikia sauti, anaanza kuamini mtoto si wake au ana kitu ndani yake. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kwenye kuombewa mtapita mkitoka.

Sasa nisikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonitoa kwenye kiti. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 199, inasema mwanamke akimuua mwanawe asiyefika miezi kumi na miwili, na ikaonekana kwamba wakati huo alikuwa hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha, mizani ya akili yake ikavurugika, basi kosa lake halitahesabiwa mauaji ya kawaida. Anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sheria hii tumeirithi kwa wakoloni. Ina maana serikali inajua. Imejua tangu babu zetu wanavaa kaptula za khaki. Inajua kwamba kuzaa kunaweza kumvuruga mtu akili mwaka mzima, na imeandika hivyo kwa wino.

Kwa hiyo mizani ya mama ipo. Iko mahakamani. Anapimwa mtoto akishakufa.

Nikimwambia shangazi kwamba mdogo wangu anaumwa, atasema ni mambo ya kizungu. Nikimpa kifungu hicho sijui atasema nini. Na tuna methali yetu wenyewe, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunaichapa kwenye kanga, tunajifunga, halafu mzazi akiutaja uchungu wenyewe tunamwambia anadeka.

Manesi msinirukie. Najua. Nesi mmoja, watoto themanini, chanjo zinapata joto, daftari la kujaza, na mshahara mnaujua ninyi. Nimekubali. Lakini hata swali moja, "Na wewe mama, unaendeleaje?", huku anamtazama usoni badala ya kutazama kadi? Hilo halimalizi bajeti ya mtu.

Na wazee nao nitawapa haki yao, ingawa shangazi sijamsamehe. Ule utaratibu wa zamani haukuwa upuuzi. Mzazi alikandwa na maji ya moto, akafungwa mkaja, akapikiwa uji wa pilipili manga (ambao hadi leo ningeunywa bila hata kuzaa), na siku arobaini hakushika ufagio. Usiku mtoto akilia anaamka bibi. Mama analala. Watu wanadhani dawa ilikuwa pilipili manga. Nadhani dawa ilikuwa kulala, na kuwa na mtu mzima ndani ya nyumba saa tisa ya usiku. Huyo shangazi aliyesonga ugali jioni, nimemuuliza mama yangu, mwenzangu kacheka: "Ugali gani! Bibi yako alikaa naye miezi mitatu. Alikuwa anaogeshwa." Umeona? Amesahau mikono iliyomlea, kakumbuka mwiko.

Sisi wa mjini tumebakiza midomo tu, mikono imebaki kijijini. Mdogo wangu anaishi chumba na sebule, mume anatoka saa kumi na moja kuwahi gari, dada wa kazi kaondoka baada ya siku nne, na kila Jumamosi anapokea wageni wanaokaa, wanaokula, wanaotoa maoni na kuacha vyombo. Mume kisheria alipata siku tatu za kumwona mwanawe. Tatu. Msiba wa jirani unakula siku nyingi zaidi.

Kinachonisikitisha ni kwamba shangazi huyo huyo angefaa kuwa dawa. Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda aliwachukua bibi kumi na wanne, wahudumu wa afya wa mtaani, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Bibi wa kawaida, wa kufunga kilemba na kubeba mkoba. Hawasemi sonona, wanasema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na sisi huku tunasema fulani "ana mawazo". Neno ni lile lile! Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma za kawaida. Sasa wazee tunao, mabenchi tunayo, na mawazo ndiyo usiseme. Tofauti ni kwamba bibi wa Mbare alifundishwa kuuliza kwanza, wa kwetu anaanza na hukumu.

Mtanishauri maombi. Naomba kila siku, na nilipougua malaria niliomba na dawa nikanywa. Dawa za sonona nazo zipo, nyingine mama anatumia na anaendelea kunyonyesha, daktari ndiye anayechagua. Na wale wa kurusha picha za "mwanamke wa shoka" kwenye makundi, mama kabeba mtoto mgongoni, kuni kichwani, jembe mkononi, kwa heri zenu. Ile picha mimi namwona mtu anayehitaji kusaidiwa kuni.

Jana nilirudi peke yangu, bila shangazi. Sikubeba kitu. Nikamchukua mtoto, nikamwambia mdogo wangu alale, akalala masaa matatu kama aliyepigwa rungu. Alipoamka sikumuuliza kama yuko sawa, maana najua jibu la swali hilo, nimelitoa sana. Nilimuuliza, "Saa ngapi ndiyo mbaya zaidi?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Magharibi. Kukianza giza naogopa, dada. Naogopa kubaki naye." Akanitazama kuona kama nitaruka. Nikamwambia mimi yangu ilikuwa usiku wa manane, chooni, bomba wazi. Akashtuka. "Wewe?" Mimi.

Mumewe aliporudi tukakaa watatu tukapanga: magharibi hakai peke yake. Zamu zipo, nimeziandika, mama yangu kachukua siku mbili, jirani wa mlango wa pili kachukua Ijumaa, mimi mwisho wa wiki. Jumanne mtoto anachomwa ya wiki ya 10 na nimeshaomba ruhusa kazini. Atavalishwa kikaptula, atatundikwa, atapiga kelele zake, nukta itawekwa. Mimi nitakuwa nimemshika mama yake mkono, na nesi akiita "Anayefuata!", hatuondoki.