Uhuru wa kuchagua shule: walichokosea New Kent, na walichopoteza walimu Weusi

Mjadala wa kuchanganya watoto wazungu na Weusi katika shule za Marekani huishia kwenye basi: eti mahakama ndizo zilizowatoa watoto mitaani kwao na kuwapeleka kwa basi shule za mbali. Anayetaka kuipima hoja hiyo aanzie kaunti ya New Kent, Virginia.

Kaunti hiyo ilikuwa na wanafunzi wapatao 1,300 na shule mbili tu: New Kent ya wazungu, upande wa mashariki, na George W. Watkins ya Weusi, magharibi. Familia za rangi zote ziliishi zimechanganyika kaunti nzima. Ili kuwatenganisha watoto, mabasi 21 (11 ya Watkins, 10 ya New Kent) yalipishana katika njia zilezile. Mstari mmoja katikati ya kaunti, kila mtoto asome shule ya upande wake, ungezichanganya shule zote mbili bila kuongeza hata basi moja.

Hukumu ya Brown, ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyokataza kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma, ilitoka 1954. Bodi ya shule haikuchukua hatua hadi Agosti 1965, ilipohofia kunyimwa fedha za serikali kuu. Ikaleta "uhuru wa kuchagua": anayeanza darasa la kwanza au la nane lazima achague shule, wengine wangeweza kuchagua kila mwaka, na asiyechagua alirudishwa alikokuwa.

Hoja ya watetezi ina uzito. Hakuna aliyelazimishwa, na shule za Weusi huko Kusini zilikuwa na walimu waliozijua familia za wanafunzi wao vizuri. Lakini katika miaka mitatu hakuna mtoto mzungu hata mmoja aliyechagua Watkins. Mwaka 1967 watoto Weusi 115 walikuwa New Kent. Asilimia 85 ya watoto Weusi walibaki Watkins. Kasoro ilikuwa kwenye utaratibu wenyewe: ukimya ulihesabiwa kuwa kukubali yaliyokuwapo, na mzazi mweusi aliyetaka mabadiliko ilibidi ajitokeze peke yake, katika jimbo ambalo kaunti ya Prince Edward ilikuwa imefunga shule zake zote za umma tangu 1959 hadi 1964 ili zisichanganywe.

Mei 1968, katika kesi ya New Kent, Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba mzigo wa kuondoa utengano ni wa bodi, si wa mzazi. Naona ilikuwa sahihi kabisa. Ikataja pia mambo ya kukaguliwa: wanafunzi, walimu, watumishi, usafiri, shughuli za nje ya darasa na majengo.

Walimu walitajwa, ila hawakulindwa. Inakadiriwa kuwa kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17. Shule mbili zikiwa moja, kiti cha mkuu ni kimoja, na aliyeamua nani akikalie ni bodi ileile iliyokuwa imezitenganisha. Hasara hiyo ilitoka hapo, wala si kwa watoto kukaa dawati moja. Desemba 1969 ndipo mahakama ya rufaa ya New Orleans ilipoagiza mwalimu apunguzwe kwa vigezo vya haki, na nafasi ikitokea, aliyeondolewa afikiriwe kwanza. Maelfu walikuwa wameshaondoka.