Kisigino

Siku niliyonunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali niliijaribu kwa uangalifu mkubwa, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu niliijaribu kwa kumpiga picha muuzaji, naye alikuwa amesimama nyuma ya meza yake kama mlingoti. Picha ilitoka safi. Niliikuza kwenye kioo cha nyuma hadi nikaweza kuhesabu nyuzi za kola ya shati lake, na muuzaji, alipoona macho yamenitoka, akanitajia idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, kwa sauti ya mtu anayetaja vyeo vya babu yake. Sikumuuliza swali jingine. Nilijiona nimeula.

Kamera hiyo niliinunulia kazi moja tu. Mpwa wangu, binti wa miaka kumi, alikuwa amechaguliwa kukimbia mita 100 katika michezo ya shule, na dada yangu, ambaye asingeweza kufika siku hiyo, alikuwa ameniapisha nimletee picha ya mwanawe akikata utepe. Nilifika mapema, nikajipatia nafasi karibu na mstari wa kumalizia, nikawa natazama kwa huruma wazazi waliokuja na simu zao.

Mchujo ulipoanza, watoto walifyatuka, nami nikabonyeza kitufe wakati hasa mpwa wangu alipoingia katikati ya kioo. Kamera ikaanza kufikiri. Lenzi ilitoka mbele, ikarudi nyuma, ikatoka tena, kama mzee aliyesahau miwani akitafuta umbali wa kusomea gazeti, na ilipokwisha kuridhika ndipo ikalia "klik". Picha niliyoipata ilionyesha njia tupu iliyochorwa kwa chokaa safi na, pembeni kabisa, kisigino kimoja.

Katika nusu fainali nilijitia ujuzi. Niligundua kwamba gurudumu la juu ya kamera lilikuwa na alama ya mtu anayekimbia, nikalizungusha hadi hapo, nikaapa kwamba safari hii nitabonyeza mapema na kushikilia. Kweli kamera ilipiga picha tatu kwa mfululizo, zote za mpwa wangu akiwa bado mbali, mdogo kama sisimizi, kisha taa nyekundu ikaanza kumetameta na kitufe kikagoma. Zile megapikseli nilizojivunia zilikuwa zimefanya kila picha kuwa mzigo, na kamera, ambayo hifadhi yake ya muda ilikuwa finyu, ilibidi ipakue mzigo huo kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kukubali kazi nyingine. Ilipomaliza kupakua, mpwa wangu alikuwa amekwisha kunywa maji.

Kabla ya fainali bwana mmoja aliyesimama kando yangu, ambaye bila shaka alikuwa amechoka kunitazama, alininong'oneza kwamba nibonyeze kitufe nusu, nikiwa nimelenga utepe, ili lenzi ichague umbali mapema, halafu nimalizie kubonyeza binti atakapofika. Ushauri huo ulikuwa wa dhahabu, nami nautumia hadi leo. Ila wingu lilikuwa limetanda, na kwa kuwa nilikuwa nimerudisha gurudumu kwenye hali ya kujiamulia, kamera iliamua kwamba mwanga hautoshi na kwamba shata, yaani kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, ibaki wazi kwa 1/60 ya sekunde. Mtoto anayekimbia mita sita kwa sekunde husogea sentimita kumi katika muda huo. Mpwa wangu alishinda mbio, na ushahidi nilio nao ni picha ya ukungu wa rangi ya bluu unaopita mbele ya mwamuzi, ambaye alitoka vizuri ajabu, saa mkononi, akipiga miayo.

Jioni dada yangu alizitazama picha zote kimya, jambo ambalo kwa dada yangu ni dalili mbaya. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, mimi niko wapi?"

Nikamrudisha kwenye picha ya kwanza, nikamwonyesha kisigino.

Akainama, akakichunguza kwa makini. "Hicho si changu, Mjomba. Mimi nilivaa soksi nyeupe."

Usiku ule sikulala kabla ya kupiga hesabu. Kamera ikichelewa nusu sekunde tangu kidole kibonyeze hadi picha ipigwe, mtoto yule wa mita sita kwa sekunde atakuwa ameniacha kwa mita tatu. Ilinichoma zaidi kukumbuka kwamba mwaka 1878, Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alimnasa farasi akienda mbio, miguu yote minne ikiwa hewani, kwa msururu wa kamera ambazo shata zake zilifyatuliwa na nyuzi zilizotandazwa njiani. Farasi mwenyewe ndiye aliyekuwa akizikata nyuzi hizo. Mimi, zaidi ya miaka 100 baadaye, nilikuwa nimeshindwa kumnasa binti wa miaka kumi.

Nilirudi dukani na mahitaji mapya. Sikutaja megapikseli hata mara moja. Nilitaka kamera isiyotafuta umbali kwa kubahatisha mbele na nyuma, bali ile inayolinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi na kujua papo hapo iende upande gani na kwa kiasi gani. Tena iendelee kumfuata mtu anaposogea. Nami niweze kuiamuru shata ifunge kwa 1/1000 ya sekunde, hata kama italazimu kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha ikapata chembechembe, kwa maana uso wenye chembechembe bado ni uso. Muuzaji, yule yule wa mlingoti, aliniletea moja. Nikaiweka sawa, nikamwambia, "Sasa, kaka, naomba ukimbie."

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, alitoka nyuma ya meza, akavuta suruali juu kidogo, akaanza kutimua mbio kutoka kwenye rafu za nyuma kuelekea mlangoni, akiwa bado ameshika boksi tupu la kamera, nami nikimfuata kwa lenzi huku kidole kikiwa kimekandamiza kitufe. Nilichosahau ni mlinzi wa mlangoni. Yeye aliona mtu anakimbia na boksi na mteja amesimama akimwelekezea kitu, naye hakuhitaji maelezo zaidi. Alimkumba muuzaji kiunoni, wote wawili wakaenda chini pamoja na stendi ya mifuko.

Nilikimbilia kuwainua na kuwaomba radhi. Muuzaji alijifuta vumbi magotini bila kunitazama, kisha akanyoosha mkono akitaka kamera. Alizipitia picha moja moja, mlinzi akichungulia begani mwake. Zilikuwa kumi na saba, na hakuna hata moja yenye ukungu: boksi likiwa hewani, mdomo wa muuzaji ukiwa wazi, kofia ya mlinzi ikiwa imemtoka na haijaanguka bado. Walikaa muda mrefu kwenye ile ya kofia.

"Naomba hii," mlinzi akasema.

Muuzaji akaokota boksi sakafuni, akalinyoosha kona zilizobonyea, akaanza kunifungia kamera bila hata kuniuliza kama nimeamua.